Mkate bapa kwenye mbabula: furu imelala, Jumamosi nina wageni 15

Dada wa Himbi (Goma), Jumanne usiku

Wandugu, jambo yenu wote. Naomba msaada, na naomba uje kabla ya Jumamosi.

Mwaka jana nilikaa Lubumbashi miezi minne kwa kazi. Karibu na pale nilipolala palikuwa na Walebanoni wanaouza mikate yao bapa, ile inayofura kama mpira, ikipoa inalala na kubaki na mfuko ndani. Niliipenda mpaka nikajifunza kuioka. Niliporudi Goma nikajinyima, nikanunua furu ya umeme, au oveni kama wanavyoiita wenzetu wa Nairobi na Dar. Kwa miezi miwili nilikuwa malkia wa mtaa. Unaweka furu kwenye 250, unaacha sinia la chuma lipate moto humo nusu saa nzima, unautupa mkate juu yake, dakika 3 umeshafura.

Sasa umeme wetu leo siku ya nne hauna nguvu. Taa inawaka nyekundu kama tunda la mbuni. Furu inaonyesha imewaka, lakini ukiingiza mkono unakuta joto la kuku anayelalia mayai. Na Jumamosi familia ya mchumba wa mdogo wangu wanakuja, watu 15, na huyo mdogo wangu ameshajisifu kwao kwamba yaya, yaani dada yake mkubwa, anatengeneza mikate ya Kilebanoni.

Jana nikajaribu kwenye mbabula, jiko letu la makala (makaa). Kikaango cha kila siku, makala yamewaka vizuri. Mkate wa kwanza ukawa mweusi chini kama mawe ya mlimani kwetu, juu mbichi, unanata kwenye meno. Nikaugeuza, na huko pia ukawa mweusi. Katikati bado mbichi. Kwa wa pili nikapunguza makala, ukakaa dakika 10, ukatoka mkavu hadi mtoto akaupiga kwenye meza tukasikia ko-ko-ko. Wa tatu sisemi.

Hii kitu inawezekana, au nipike wali nimalize maneno?

Mzee Kadutu (Bukavu)

Pika wali, mama. Na sambaza (samaki wadogo wa ziwa) za kukaanga pembeni. Sijaona bado mkwe aliyerudi na mbuzi zake kwa sababu ya wali na sambaza.

Fundi Unga (Bukavu)

Mzee Kadutu, shikamoo, lakini usimvunje mtoto wa watu moyo.

Dada, inawezekana, na iliwezekana kabla furu haijazaliwa. Wahindi wana tava, Wamexico wana komali, Walebanoni wenyewe wana saji, lile chuma lililobinuka kama mgongo wa kobe, Wahabeshi wanamimina injera kwenye mitadi na kuifunika. Hapo hakuna anayefungua mlango wa furu.

Nilikaa mbele ya tanuri la mikate miaka 11, kwa hiyo nikwambie pale unapopotea. Kwenye furu mkate unapigwa moto kotekote. Sinia linaupiga toka chini, kuta na dari zinauchoma toka juu. Kwenye mbabula una moto wa chini tu. Ule wa juu lazima uutengeneze wewe. Utausukuma mkate uwe mwembamba ili moto uvuke upesi, au utaugeuza ili juu pawe chini, au utaufunika ili mvuke wake wenyewe uupike mgongoni. Wewe ulichukua mkate wa furu, ukauweka kwenye moto wa upande mmoja, ukasubiri.

Nijibu mambo matatu: unene wake, uzito wa kikaango, na donge ulilipumzisha muda gani.

Dada wa Himbi (Goma)

Aksanti yaya. Unene ni kama kidole changu kidogo. Kikaango ni kile chepesi cha alumini, nilinunua Birere, ukikibonyeza na dole gumba kinabonyea. Donge nililiacha saa moja na nusu, likaumuka vizuri kabisa, ni lile lile la furu. Kifuniko sikutumia, kwa sababu kwenye furu hatufuniki.

Fundi Unga (Bukavu)

Kidole! Dada, hicho ni kitanda.

Tuanze na kikaango. Alumini nyembamba inapitisha moto upesi sana na haiwezi kuutunza. Pale kaa lilipogusa ndipo mkate unapoungua, na sentimita tatu pembeni pako baridi. Ukiweka donge lenye maji, kinapoa ghafla, unaongeza makala, unaunguza. Tafuta kitu kizito, chuma cha kumimina kama unaye shangazi anayekitunza, au chuma nene bapa. Kikishapata moto kinautunza, hata ukiweka mkate wa kumi kiko vile vile.

Donge la mikate 8: unga wa ngano gramu 500, maji ya vuguvugu gramu 320, chumvi gramu 10, levire kavu (hamira) kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vya mezani. Kanda dakika 10. Funika na kikwembe, yaani kitambaa, saa moja. Kata vipande 8, viviringishe, halafu vipumzishe tena dakika 15. Hapo ndipo watu wote wanaruka. Donge lisilopumzika unalisukuma linarudi kama mpira wa suruali, na unabaki na mkate mwembamba pembeni, mnene katikati.

Sukuma mpaka milimita 3. Chupa ya bia inafanya kazi vizuri kuliko vifimbo vingi vinavyouzwa, ila toa karatasi yake kwanza.

Kikaango kikavu, bila tone la mafuta. Nyunyiza unga kidogo juu yake. Ukigeuka kahawia kwa sekunde 10 hivi, weka mkate. Ukiwa mweusi papo hapo na kutoa moshi, shusha, subiri. Upande wa kwanza ni sekunde 30 tu, mpaka juu paache kung'aa na vipele vidogo vianze kuinuka. Geuza. Upande wa pili dakika moja hadi moja na nusu, upate madoa. Geuza tena. Sasa ndiyo utaona unaanza kupumua. Chukua kitambaa ulichokunja, bonyeza taratibu pembeni, hewa itakimbilia pale palipolala.

Na ujue kinachofurisha hapo si levire, ni maji. Maji yakigeuka mvuke yanapanuka zaidi ya mara 1,600. Ngozi ya chini na ngozi ya juu zikishaiva kidogo, mvuke unakwama katikati na kuziachanisha. Ngozi ikiwa na tundu kama la sindano, umekwisha, mvuke umetoka.

Mtoto wa Kenya (Lubumbashi, mtaa wetu wa Kenya, si ile ya Nairobi)

Ndugu zangu wa Kivu, nimesoma kwa heshima yote. Mmegundua chapati. Hongereni.

Fundi Unga (Bukavu)

😂 Nilijua utakuja. Chapati ya mtaani inapakwa mafuta, inakunjwa kama konokono, inasukumwa tena, inakaangwa. Haina levire. Tabaka zake ni za mafuta. Huu hauna mafuta ya kukaanga, una levire, na hauna tabaka, una mfuko. Ukimwekea mtu maharage ndani ya chapati anaikunja. Huu anaufungua.

Mtoto wa Kenya (Lubumbashi)

Kwa hiyo ni chapati yenye mfuko. Sawa, nimeelewa.

Mkongomani wa Kampala

Huku Kampala wanaweka mayai na nyanya kwenye chapati, wanaizungusha, wanaiita rolex, na hakuna anayeuliza ni mkate au si mkate. Dada, msikilize Fundi.

Bi Tangawizi (Zanzibar)

Nimepita nikaona moshi nikaingia. Bibie wa Goma, huku kwetu moto wa juu haututishi. Tuna mkate wa ufuta. Unga wake ni mwororo, unanata. Unautandaza kwenye kikaango kikavu kilichopata moto, chini ukishashika vizuri, unakishika kikaango kwa mpini unakipindua juu ya makala, mkate ukiwa umening'inia umetazama moto. Ule uso ndio unapata rangi na ufuta unanukia mtaa mzima. Mkate haudondoki kwa sababu umeshanata.

Na keki na mikate ya sinia tulikuwa tukipika kwa kupalia: sufuria juu ya jiko, kifuniko cha bati juu yake, na juu ya kifuniko unapanga makaa. Moto juu, moto chini. Mama yangu alikuwa akiweka makaa mengi juu na machache chini, kwa kuwa moto wa chini unapanda wenyewe, wa juu haushuki kwa hiari.

Dada wa Himbi (Goma)

Bi Tangawizi, kupindua kikaango juu ya makala! Nimeona picha hiyo kichwani nikacheka peke yangu jikoni. Mimi mkate utaangukia motoni, najijua.

Bi Tangawizi (Zanzibar)

Utaanguka mmoja, mwaya. Wa pili hautaanguka. Siri ni mkono wenye maji: chini ya mkate paka maji kidogo kabla ya kuubandika, na kikaango kiwe kimeiva hasa. Wahindi wanafanya hivyo hivyo na nani zao kwenye tava.

Resho na Gesi (Lubumbashi)

Nyongeza kabla mtu hajaumia: huo mchezo wa kupindua msiufanye na kikaango cheusi kile kisichonata. Kwanza mkate hautashika, ndiyo maana kinaitwa kisichonata. Pili ile rangi yake inaanza kuharibika ikipita nyuzi 260 na kutoa hewa mbaya, na kikaango kitupu kwenye makala kinapita hapo bila kuaga.

Wenye gesi: moto wenu ni duara. Katikati baridi, pembeni duara la kuungua. Wekeni bapa la chuma kati ya moto na kikaango. Wenye resho ya umeme: subirini. Resho inapata moto polepole na inapoa polepole, ukiona unaunguza usizungushe kitufe tu, nyanyua kikaango.

Kijana wa Lava (Goma)

Na je, tukitumia jiwe la lava? Goma nzima imejengwa juu ya mawe hayo, volkano yetu Nyiragongo imetuletea bure mwaka 2002 na 2021. Jiwe bapa, unaliweka juu ya mbabula, unaoka juu yake. Tanuri la asili kabisa!

Fundi Unga (Bukavu)

Kijana, rudisha jiwe ulipolitoa. Yale ya matundumatundu yananywa maji ya mvua. Ukilipasha moto kwa haraka maji ya ndani yanakuwa mvuke, ni mvuke ule ule ninaousifu kwenye mkate, ila humo hauna ngozi laini ya kusukuma. Jiwe linapasuka na vipande vinaruka. Mkate unafura, jiwe halifuri.

Dada wa Himbi (Goma), Jumatano usiku

Ripoti ya kwanza.

Nimepata kikaango. Jirani yangu ana kile cha chuma cha kumimina, cheusi, kizito hadi nilikibeba kwa mikono miwili, na kifuniko chake. Sikumwambia ni cha nini kwa sababu alishaona moshi wa juzi.

Nimefanya nusu ya kipimo, mikate 4. Nilinyunyiza unga, ukawa kahawia nikiwa nimehesabu hadi 8. Nikaweka. Sekunde 30, vipele vikaja kweli! Nikageuza. Nikangoja. Nikageuza tena, nikabonyeza pembeni... wandugu, mkate ukainuka kona moja, ukasita, halafu ukafura wote puu. Nilipiga kelele mpaka watoto wakaja kuuliza kama mlima unalipuka.

Wa pili haukufura. Wa tatu ukafura nusu. Wa nne ukafura, halafu nikautoboa kwa uma kwa furaha, mvuke ukaniunguza kidole.

Matatizo mawili. Moja, nilijaribu kufunika kama mlivyosema, lakini kifuniko kinadondosha maji juu ya mkate na pale yalipodondoka pakawa na doa la unga mbichi. Mbili, nikipepea mbabula majivu yanakuja kukaa juu ya mkate. Familia ya mchumba haiwezi kula majivu siku ya kwanza.

Mama Ibanda (Bukavu)

Hongera yako mama! Kuhusu kifuniko, miye sikubaliani na Fundi, samahani yake. Mkate mwembamba hauhitaji kifuniko. Nimeupika miaka, sifuniki. Ukifunika ngozi ya juu inabaki na unyevu, inakuwa laini mno, na laini inapasuka. Acha wazi, geuza mara mbili, basi.

Fundi Unga (Bukavu)

Mama Ibanda, una haki nusu, na hiyo nusu ni yangu pia. Kifuniko nilikitaja kwa ajili ya mkate mnene. Ukitaka wa unene wa sentimita moja, ule laini wa kuchovya kwenye supu, hauwezi kuiva kwa kugeuza tu. Huo unaufunika, moto mdogo, dakika 4 upande mmoja, 3 upande wa pili. Kwa mkate wa mfuko, ndiyo, wazi.

Kwa maji ya kifuniko: kifuniko kikipata moto kwanza hakidondoshi haraka. Kipashe pembeni ya mbabula. Na ukikifungua, kivute kwa upande, usikiinue wima, maji yatelemke nje ya kikaango. Ukifunga kitambaa ndani ya kifuniko, angalia pembe zake, makala hayachagui.

Mama Ibanda (Bukavu)

Basi tumepatana, nusu kwa nusu.

Majivu: usipepee mkate ukiwa juu. Pepea kabla, subiri makala yapate ule weupe wa juu, ndipo uweke kikaango. Na makala yenyewe chagua. Yale mepesi ya mikaratusi yanawaka upesi, yanakwisha upesi, utakuwa unaongeza kila mikate mitatu, na kila ukiongeza ni majivu. Tafuta yale mazito, ukigonga kaa kwa kaa yanalia kama kigae. Unajaza mbabula mara moja, unapika mikate yote.

Kijana wa Lava (Goma)

Na kwa nini wa pili haukufura wakati donge ni lile lile?

Mama Ibanda (Bukavu)

Kijana, hilo ni swali zuri kuliko la jiwe.

Sababu ziko nyingi lakini mimi nimezikuta zaidi tatu. Ya kwanza, mkunjo: wakati wa kuviringisha donge, kama hukuziba vizuri chini, huo mshono unabaki, mvuke unapita hapo. Weka mshono chini, bana na vidole. Ya pili, mkate uliokauka. Umesukuma mikate 4 yote, umeipanga mezani bila kufunika, wa kwanza uko kwenye moto, wa tatu ngozi yake imekuwa kama karatasi. Karatasi inapasuka. Ifunike na kikwembe chenye unyevu kidogo. Ya tatu, unene. Ukiusukuma katikati tu, pembeni patakuwa panene na katikati patatoboka. Anzia katikati kwenda nje, uzungushe robo, anzia katikati tena, na usiipitishe chupa mpaka ukingoni.

Kuna ya nne: kikaango hakijapata moto vya kutosha. Mkate wa kwanza ukifura na wa pili usifure, angalia kama hukuchelewa kati yao ukipiga kelele za furaha na kikaango kikapoa. Au makala yameshuka.

Dada wa Himbi (Goma)

Mama, ulikuwa umejificha wapi jikoni kwangu? Nilipiga kelele, na mbabula nikaiacha, kweli.

Mama wa Panzi (Bukavu)

Mimi unga wa ngano ni ghali kwangu. Naweza kuchanganya na wa muhogo au wa mahindi?

Fundi Unga (Bukavu)

Unaweza, lakini kwa kipimo. Muhogo na mahindi havina ule mnato wa ngano unaovutika kama mpira, na mnato huo ndio ngozi ya mfuko wetu. Gramu 50 za muhogo kwenye 500 hutaona tofauti kubwa. Ukifika 100 bado mkate unakuwa mzuri, ila kufura kunapungua. Ukizidi hapo mkate unaanza kupasuka pembeni ukiusukuma, basi usiutafutie mfuko, ufanye mnene kidogo, ufunike, ule na sombe (majani ya muhogo). Mimi huo ninaupenda kuliko wa ngano tupu, lakini usimwambie Dada wa Himbi.

Mtoto wa Kenya (Lubumbashi)

Wa mahindi tupu tunao tayari. Unaitwa bukari, yaani ugali, na haujawahi kutudai kikaango.

Mzee Kadutu (Bukavu)

Hapo umesema, mwanangu.

Dada wa Himbi (Goma), Alhamisi usiku

Leo mvua. Mnajua mvua ya Goma ikianza jioni. Nimeingiza mbabula ndani ya jiko, nimefunga dirisha kwa sababu ya upepo, nikapika 8. Vimefura 6! Ila kichwa kinauma tangu saa moja, na mtoto anasema ana kizunguzungu. Nadhani ni njaa na uchovu.

Resho na Gesi (Lubumbashi)

DADA TOKENI NJE SASA HIVI, wewe na mtoto. Fungua mlango na dirisha, toa mbabula. Hiyo si njaa. Makala yakiwaka mahali palipofungwa yanatoa monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi, haina moshi. Makala mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayotudanganya kwamba hewa ni safi. Kichwa kuuma na kizunguzungu ndiyo mlango wake, baadaye ni usingizi usioamka. Mtoto akizidi kulegea au kutapika, mpeleke hospitali na useme wazi kwamba mlikuwa na makala ndani.

Dada wa Himbi (Goma)

Tuko kwenye baraza tangu nimesoma. Mbabula iko nje kwenye mvua, imezima. Mtoto amekunywa maji, anacheka, anasema kichwa kimeacha. Changu kinaacha polepole. Aksanti kaka, sina neno lingine.

Mama Ibanda (Bukavu)

Mungu ashukuriwe. Kwa Jumamosi weka mbabula barazani, hata kama ni mvua, chini ya bati lakini pande ziwe wazi. Bora mikate ichelewe.

Dada wa Himbi (Goma), Ijumaa asubuhi

Tumeamka wazima wote. Sasa hesabu ya kesho. Wageni 15, sisi 6. Nani aliyewahi kupika mingi kwa mara moja anisaidie. Nataka ifike mezani ya moto, lakini sitaki kuwa nimepiga magoti mbele ya mbabula nikinuka moshi wakati wakwe wanaingia.

Fundi Unga (Bukavu)

Mkate mmoja na nusu kwa mtu, tuseme 32. Unga kilo 2, maji kilo 1 na gramu 300 hivi, chumvi gramu 40, mafuta nusu kikombe cha chai. Levire usizidishe mara nne, weka vijiko viwili na nusu vya chai. Donge kubwa linatunza joto lake lenyewe na linaumuka haraka kuliko dogo, na kwenye mwinuko wetu wa mita 1,500 hewa ni nyepesi, halina mzigo wa kulikandamiza. Ukichelewa kidogo linachacha na kulegea.

Wanakuja saa ngapi?

Dada wa Himbi (Goma)

Wamesema saa saba mchana. Kwa hiyo saa tisa.

Fundi Unga (Bukavu)

Basi kanda saa tano. Saa sita na nusu kata madonge. Saa saba kasorobo anza kupika. Kila mkate dakika 3 pamoja na kubadilisha, 32 ni zaidi ya saa moja na nusu kwa mbabula moja. Tafuta ya pili na mtu wa kusukuma. Msukumaji ndiye anayeamua mwendo, si mpikaji.

Kila unaotoka uweke kwenye kikapu chenye kikwembe safi, funika mara moja, upange mmoja juu ya mwingine. Mvuke wake unaulainisha. Mkate wa kikaango ukiuacha wazi kwenye upepo wa ziwa dakika 10, utausikia ko-ko-ko tena. Wakwe wakifika, rudisha kila mmoja kwenye kikaango sekunde 15 kila upande. Hutanuka moshi, utanuka mkate.

Kijana wa Lava (Goma)

Na ndani uweke nini?

Dada wa Himbi (Goma)

Maharage, sambaza, kachumbari. Na nimefikiria michache niijaze jibini ya Masisi kabla ya kupika, niifunge kama mfuko uliozibwa.

Mama Ibanda (Bukavu)

Ya jibini iwe minene kidogo, moto mdogo, na hiyo ndiyo uifunike. Jibini ikwangue, usiikate vipande, kona za kipande zinatoboa ngozi na jibini inamwagika kwenye kikaango cha watu. Na donge la hiyo ukande na mashanza (maziwa ya mgando) badala ya nusu ya maji. Linakuwa laini hata kesho yake.

Dada wa Himbi (Goma), Jumapili jioni

Wandugu. Walikuja saa tisa na nusu.

Mikate 32, imefura 27. Mitano ya kulala niliwapa watoto, wakaiviringishia sukari, hakuna aliyelalamika. Binamu yangu alisukuma, mimi nikapika, mbabula mbili barazani. Ya jibini ilikuwa 6, mmoja ulipasuka, Mama Ibanda alishasema, nilikuwa na haraka nikaacha kipande kikubwa.

Baba wa mchumba ni mzee wa kimya. Alikula wa kwanza kimya. Wa pili akaufungua, akatazama ndani ya ule mfuko muda mrefu kama mtu anayetafuta pesa zake, akaniuliza, "Mama, hewa uliingizaje?" Nikamwambia ni maji. Akatikisa kichwa, akachukua wa tatu.

Mdogo wangu aliwaambia wote kwamba niliioka kwenye furu. Nikanyamaza.

Mzee Kadutu (Bukavu)

Na wali hukupika?

Dada wa Himbi (Goma)

Nilipika mzee, kidogo, kwa ajili yako. Ulikwisha wa kwanza.

Mtoto wa Kenya (Lubumbashi)

Chapati zenye mfuko 27. Naheshimu. Na furu je? Unaiuza? Ninauliza tu, sisi huku wiki hii umeme uko.

Dada wa Himbi (Goma)

Siuzi. Umeme ukirudi vizuri nitaitumia kwa keki. Kwa sasa nimeweka unga wangu ndani yake na kufunga mlango. Panya hawafiki.

Mlango wa Bluu (Goma)

Jirani, shikamoo. Mimi ni mgeni humu, mwanangu ndiye aliyenionyesha huu uzi, anasema huyu mama wa Himbi mwenye kikaango cha kubeba kwa mikono miwili anafanana na mtu tunayemjua. Moshi tuliuona, na mikate tuliisikia harufu yake tangu saa saba. Kikaango kaa nacho tu mpaka wiki ijayo. Kifuniko nirudishie leo, nina maharage jikoni.

Dada wa Himbi (Goma)

Marahaba jirani 🙈 Kinakuja sasa hivi, na mikate minne juu yake.